Walipombadilisha Willie Mays



Mpwa wangu mmoja anaishi Marekani, akifanya kazi katika ghala pamoja na watu wa mataifa mengi. Jioni moja alinipigia simu akiwa amejaa mshangao. Siku hiyo wenyeji wa pale kazini walikuwa kama watu waliofiwa, kwa sababu timu yao ya besiboli ilikuwa imemtoa mchezaji wa miaka mingi, ambaye msimu huo nguvu zake zilikuwa zimepungua, ikampeleka kwenye timu nyingine na kupewa vijana wawili badala yake. Mmoja wa wenzake alikuwa karibu kulia. Mwingine alisema kwamba mzee huyo amechelewa kuondolewa. Walibishana mpaka msimamizi akawarudisha kazini. "Lakini Mjomba," aliniuliza mpwa wangu, "mtu mzima anabadilishwaje kama mbuzi sokoni?"

Sikuwa na jibu, maana mchezo wenyewe sikuujua. Nikaanza kusoma, kama ilivyo desturi yetu walimu tunapoulizwa tusilolijua, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba swali hilo si la Wamarekani peke yao. Linawahusu pia ninyi wa Kiro, wa Xaveri na wa Skauti, na hasa ninyi mnaoimba katika korali.

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa tisa. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu zote, na mpinzani wake, mwenye gongo la mti mkononi, hujaribu kuupiga na kisha kukimbia kuzunguka vituo vinne. Akiupiga ukavuka uzio wa uwanja, huzunguka vituo vyote bila kusumbuliwa na mtu, na watu wote husimama. Kila timu ina zamu tisa. Wakitoka sare, zamu huongezwa mpaka mshindi apatikane. Kuna jambo moja katika mchezo huu ambalo lilinipendeza kama katekista: mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi huhesabiwa kuwa mahiri sana. Ni mchezo ambao shujaa wake hushindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu, na kila kushindwa kwake huandikwa kitabuni.

Sasa habari ya kubadilishana. Katika mpira wa miguu tunaoujua sisi, wa TP Mazembe na AS Vita Club, timu inayomtaka mchezaji wa timu nyingine hutoa fedha, na mchezaji mwenyewe hukaa mezani kupatana juu ya mshahara kabla hajatia sahihi. Katika besiboli ya Marekani timu mbili hupatana zenyewe: nipe huyu, nikupe yule. Mkataba huhama pamoja na mtu. Mchezaji anaweza kulala akiwa wa mji mmoja na kuamka akiwa wa mji mwingine, huku watoto wake wakiwa katikati ya mwaka wa shule. Mpwa wangu hakukosea sana alipomtaja mbuzi.

Mwaka 1969 mchezaji mmoja Mweusi, Curt Flood, aliyeichezea timu ya St. Louis kwa miaka kumi na miwili, aliambiwa kwamba sasa yeye ni wa Philadelphia. Alikataa. Alimwandikia mkuu wa ligi barua kueleza kwamba yeye ni mtu, wala si mali ya kununuliwa na kuuzwa, kisha akaenda mahakamani. Kesi ilifika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwezi Juni 1972 akashindwa. Kufikia wakati huo maisha yake ya uwanjani yalikuwa yamekwisha. Hata hivyo, mwaka uliofuata wamiliki walikubali kwamba mchezaji aliyetimiza miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho ikiwa katika timu ileile, aweze kukataa kubadilishwa. Flood mwenyewe hakupata faida ya neno hilo. Mara nyingi huwa hivyo kwa wanaofungua mlango.

Lakini nataka kukaa zaidi kwa mtu mwingine, ambaye alibadilishwa mwezi mmoja tu kabla ya hukumu hiyo.

Willie Mays alizaliwa mwaka 1931 katika jimbo la Alabama, wakati ambapo huko Mweusi na Mzungu hawakuruhusiwa kuketi pamoja. Mwaka 1948, akiwa bado mwanafunzi, aliichezea timu ya Weusi ya mji wa Birmingham. Mwaka 1951 aliingia timu ya Giants ya New York. Mwaka 1954, katika mashindano ya mwisho ya ubingwa, alikimbia akiwapa mgongo wachezaji wote, akaudaka mpira ulipokuwa ukipita juu ya bega lake; Wamarekani bado wanauzungumzia mdako huo mpaka leo. Mwaka huo timu yake ikawa bingwa. Watoto wa mtaa wa Harlem walimwona akicheza mpira nao barabarani kwa kijiti, kisha akaenda uwanjani kufanya kazi yake. Kwao alikuwa kaka.

Msimu wa 1957 ulipokwisha, mmiliki wa timu, Horace Stoneham, aliihamisha timu yote mpaka San Francisco, upande wa pili wa Marekani. Washabiki wa New York walibaki na uwanja mtupu. Katika mji mpya Mays hakupokelewa kwa mikono miwili. Alipotaka kununua nyumba, mwenye nyumba alisita kwa kuwa majirani hawakumtaka Mweusi, mpaka jambo likawa aibu ya mji mzima; hatimaye akauziwa. Na uwanjani, wengi wa mji ule walimwona kwanza kama mtu wa New York aliyekuja kwao. Ilichukua miaka. Alipiga, alikimbia, alidaka, wakamzoea, wakampenda, akawa wao.

Hata ukafika mwezi Mei 1972. Mays ametimiza miaka 41. Katika majuma ya kwanza ya msimu huo amejaribu kupiga mara 49 na kufaulu mara 9 tu. Si mbili katika kumi. Magoti yanauma. Nao uwanja haujai. Tangu mwaka 1968 timu nyingine ilikuwa imehamia Oakland, ng'ambo ya ghuba, na washabiki wamegawanyika. Tarehe 11 Mei ikatangazwa kwamba Willie Mays, baada ya miaka zaidi ya ishirini, anakwenda Mets ya New York, na kwamba Giants watapewa kijana mmoja mrushaji aitwaye Charlie Williams, pamoja na fedha.

Hapa, vijana, nilikasirika mimi pia, kana kwamba nilikuwa mshabiki wa San Francisco tangu utoto. Shukrani ya punda, nilisema. Lakini niliposoma zaidi nikakuta neno lililonizuia. Stoneham alikuwa anapoteza fedha. Aliona kwamba hataweza kumhakikishia Mays riziki baada ya kuacha kucheza, na Mets waliweza. Walikubali kumweka kazini hata baada ya siku zake za uwanjani. Kumbe jambo lililoonekana kwa nje kama kumtupa mzee lilikuwa pia, kwa sehemu, njia ya kumtafutia mahali pa kuzeekea. Sisemi kwamba hakukuwa na hesabu ya biashara; ilikuwapo. Sisemi pia kwamba mzee hakuumia, aliumia. Nasema tu kwamba mshabiki aliyetazama tangazo la gazeti hakuweza kujua yote yaliyokuwa moyoni mwa aliyelitia sahihi, na bado mshabiki huyo ndiye aliyehukumu kwa haraka kuliko wote.

Upande wa New York kulikuwa na mama mmoja, Joan Payson, mmiliki wa Mets. Zamani alikuwa na hisa katika Giants, na wakati wa kura ya kuihamisha timu upande wake ulipinga. Alimpenda Mays tangu enzi zile. Alipomrudisha hakudanganyika juu ya magoti yake; hesabu za kushindwa kwake zilikuwa zikichapwa kila asubuhi.

Jumapili tarehe 14 Mei, siku ya mvua, Mays alicheza mara ya kwanza akiwa na shati jipya, na wapinzani walikuwa Giants wenyewe, rafiki zake wa juma lililopita. Watu wapatao 35,000 walifika. Katika zamu ya tano, timu zikiwa zimefungana nne kwa nne, aliupiga mpira ukavuka uzio. Mets wakashinda tano kwa nne. Nimejaribu kufikiri kelele ile. Wengi wa waliosimama walikuwa watoto timu ilipoondoka mwaka 1957. Sasa walikuwa baba na mama. Hawakumshangilia kwa sababu ya yale ambayo angewafanyia kesho. Walijua kwamba kesho ni fupi.

Laiti habari ingekomea hapo, ingekuwa tamu mno, nami nisingeiamini. Mwaka 1973 Mays alicheza kidogo, akafaulu mara chache, na mwezi Septemba akatangaza kwamba anaacha. Timu yake, bila kutarajiwa, ikafika kwenye mashindano ya mwisho dhidi ya Oakland. Tarehe 14 Oktoba, katika mchezo wa pili, jua likiwa kali, mpira uliruka kuelekea kwake, akaupoteza katika mwanga, akajikwaa akaanguka. Mtu yuleyule wa mdako wa mwaka 1954. Oakland wakasawazisha. Tangu siku hiyo, mchezaji au mwimbaji au mwanasiasa anapong'ang'ania kazi akiwa amechoka, Wamarekani husema: asije akawa kama Willie Mays aliyeanguka uwanjani. Imekuwa kama methali kwao.

Basi sikilizeni ambalo methali hiyo inaliacha. Mchezo ule haukuisha na kuanguka kwake. Uliongezwa zamu mpaka ya kumi na mbili. Katika zamu hiyo Mays alishika gongo, akaupiga mpira ukapita katikati, mwenzake akakimbia nyumbani, na Mets wakatangulia. Walishinda kumi kwa saba. Mtu aliyeanguka ndiye aliyewatanguliza, mchana uleule, katika mchezo uleule. Mimi naona ni ajabu kwamba watu mamilioni walitazama, na kilichobaki vinywani mwao ni kuanguka tu.

Niliahidi moyoni kwamba sitaandika haya kama hadithi ya ng'ambo. Kuna parokia moja ninayoifikia kwa mafundisho ya viongozi wa vijana. Korali yake inaongozwa na mzee aliyepita miaka sabini. Mwaka huu vijana walimwandikia Padri Paroko barua, wakiomba mzee huyo aondolewe. Sababu zao waliziandika vizuri: sauti yake inatetemeka, mdundo unamponyoka, hataki kinanda cha umeme ambacho vijana walichangia fedha wenyewe, na sherehe ya jubilei ya parokia inakaribia. Niliisikiliza korali hiyo katika misa mbili. Walichoandika ni kweli.

Ni kweli pia kwamba katika miaka ya vita, Padri alipokosa njia ya kufika kwa miezi mingi, mzee huyo ndiye aliyewakusanya watu kila Jumapili, akaanzisha nyimbo, na shirika likabaki shirika. Wengi wa waliotia sahihi walijifunza nyimbo zao za Komunyo ya kwanza wakiwa wamesimama mbele ya fimbo yake. Na mwezi Julai korali hiyohiyo iliimba katika siku ya mababu na wazee, ambayo Papa Fransisko aliianzisha mwaka 2021, wakawapelekea wazee sabuni na sukari.

"Hatumfukuzi," waliniambia. "Tunampumzisha."

Neno zuri. Nikauliza ni nani aliyemweleza mzee kwamba anapumzishwa. Wakatazamana. Hakuna aliyemweleza. Alikuwa ameisikia habari ya barua sokoni, kwa mama anayeuza unga.

Hapo, vijana wangu, ndipo nilipomkumbuka mbuzi wa mpwa wangu. Sikuwaambia kwamba mzee lazima abaki mpaka afe na fimbo mkononi. Ningewadanganya, na ningemdhulumu yeye, maana kumwacha mtu mbele ya watu mpaka wacheke ni ukatili uliovaa nguo za heshima. Padri anaweza kumbadilisha, kama mkufunzi anavyobadilisha wachezaji. Kazi ya korali ni kumsaidia mkristu asali, na ikiwa haimsaidii, inafaa kutengenezwa. Lakini Papa Yoane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alitufundisha kuipima kazi kwa mtu anayeifanya kuliko kwa kile inachozalisha. Kipimo hicho kinabana hata katika korali. Barua ya vijana ilikuwa na mistari mingi juu ya kinanda, na hakuna mstari hata mmoja uliosema mzee ataketi wapi Jumapili inayofuata.

Katika sura ya mwisho ya Injili ya Yoane, Bwana anamweleza Petro kwamba siku za uzee wake mwingine atamfunga mshipi na kumpeleka asikotaka. Kwa kawaida tunaisoma sehemu hiyo kama habari ya kifodini cha Petro, na ndivyo ilivyo. Lakini mimi nikiisoma siku hizi huutazama pia mkono wa yule mwingine, anayefunga mshipi. Unaweza kuufunga kwa upole au kwa kuvuta. Yesu hakusema lolote juu ya mkono huo, nadhani kwa sababu tungekuja kuwa sisi.

Mshabiki wa besiboli hana kalamu ya kutia sahihi. Hawezi kumbakiza mzee wala kumwondoa; ana mdomo tu, na kumbukumbu. Kwa hiyo wale wa ghalani kwa mpwa wangu, aliyelia na aliyesema amechelewa, wote wawili wanasamehewa upesi. Ninyi wa korali mna vyote viwili, mdomo na kalamu. Mlimshangilia mzee, na ninyi ndio mlioandika barua.

Joan Payson alimwahidi Mays kwamba namba yake, 24, haitavaliwa tena na mchezaji wa Mets. Mama huyo alikufa mwaka 1975, na ahadi ikalala. Wenye timu walibadilika, washabiki wakazeeka, na wengine walisema miaka yake miwili ya mwisho pale haikustahili heshima hiyo, kwa kuwa alicheza vibaya. Tarehe 27 Agosti 2022 Mets walitimiza neno la mtu aliyekufa, na namba ikawekwa juu pasipofikiwa na mtu. Mays alikuwa na miaka 91. Alifariki tarehe 18 Juni 2024. San Francisco nao, ambao zamani walisita kumpa nyumba, wameweka sanamu yake mbele ya uwanja wao, na anwani ya uwanja huo ina jina lake. Nasikia furaha nikiandika hayo, lakini nasikia pia kwamba miaka hamsini ni mingi kwa ahadi kungoja. Mzee wetu wa korali hana miaka hamsini.

Kikao kimepangwa Jumamosi, baada ya mazoezi, nyumbani kwa Padri. Mzee ameitwa naye. Safari hii mwaliko ulipelekwa mpaka mlangoni kwake na wawili kati ya wale waliotia sahihi, msichana wa sauti ya kwanza na kijana wa kinanda. Waliniambia kwamba aliwakaribisha, akawapa viti, na kabla hawajafungua kinywa akawauliza kama wanafahamu ni nani atakayewafundisha nyimbo watoto wa Komunyo ya kwanza wa mwaka huu, kwa maana wanaanza mwezi ujao, na hakuna mtu aliyemwambia kitu.